Pikipiki Imepona Bila Ruhusa Yangu

Jumatatu, 2 Juni
Daftari, hujambo? Mimi nimezoea kuandika barua tu, kwa hiyo nakusalimu. Baba Jenoveva hajambo, ila kifua na baridi hii. Mbuzi hawajambo. Kuku hawajambo, hata yule wa jirani Secilia anayekuja kula huku. Mwanangu Jenoveva, fundi wa pikipiki za umeme kule Tanga, hajambo nadhani. Hajaja tangu Krismasi ya mwaka juzi.

Mgonjwa ni pikipiki aliyotuletea. Imenyeshewa, sasa inatetemeka tu, haiendi. Jeni kasema kwenye simu ni sensa. Kumbe ndani ya mota ya gurudumu kuna vidude vitatu vinavyosikia sumaku ikipita! Kimoja kikinyamaza, mashine haijui gurudumu liko wapi. Isipotulia, atakuja Jumamosi. Atakuja! Nimefua mashuka.

Jumanne, 3 Juni
Jua. Plagi ya nyaya nyembamba za sensa imekauka. Pikipiki imepona bila ruhusa yangu. Baba Jeni kapeleka karoti sokoni huku anapiga mluzi. Mluzi wa nini?

Jumatano, 4 Juni
Nimeingia bandani, nikachomoa plagi ya zile nyaya nyembamba. Nikampigia: mwanangu, imerudia. Kasema nichukue mita ya kupimia umeme, nizungushe gurudumu polepole, nipime njano, kijani, buluu. Kila waya namba iruke: tano, sifuri, tano. Nikamsomea: sifuri, sifuri, sifuri. Kacheka! Eti vitatu havifi pamoja kama waliokula sumu, niangalie plagi. Nani alimsomesha huyu? Mimi.

Alhamisi, 5 Juni
Plagi nimerudisha. Nimevuta waya wa kijani peke yake. Njano inaruka, buluu inaruka, kijani imeganda. Safi! Nikampa Jeni habari, kasema atafikiria.

Secilia alikuwa kachungulia. Kasema, Mama Jeni, mwanangu mimi huja bila mtu kuharibu kitu. Nimemwambia aje achukue kuku wake.

Baba Jeni kabeba karoti kichwani. Shingo imeingia mabegani. Roho imeniuma. Lakini Jumamosi si keshokutwa?

Ijumaa, 6 Juni
Jeni kapiga. Kasema: mama, kama umenikumbuka sema tu, kesho napanda basi.

Sema tu! Moyo ukaruka. Mdomo ukajibu: nani kakukumbuka? Nataka pikipiki yangu.

Haya, kasema, fungueni gurudumu mlitume kwa basi, nitalipima hukuhuku.

Mdomo huu!

Jumamosi, 7 Juni
Gurudumu limekwenda Tanga. Kondakta kaliweka mbele, dirishani kabisa. Nimebaki stendi nalipungia mkono.

Jumanne, 10 Juni
Limerudi, limeviringishwa kwa blanketi. Jeni kasema sensa zote nzima, ni waya tu ulichomolewa. "Ulichomolewa", sio "ulichomoka".

Baba Jeni kafunga gurudumu, kaondoka na mluzi wake. Mimi nikajifunika lile blanketi. Lina harufu ya mafuta ya mashine na sabuni anayooga mwanangu. Nimekaa nalo mpaka maharage yakaungua.

Basi nikaona nimwandikie lile neno la Ijumaa lenyewe, bila kuzunguka. Nikashika simu. Nikaandika: Mwanangu, sasa ni chaja. Imekufa ghafla. Hii ni dhaifu, haiwezi safari ya basi, njoo mwenyewe na mita. Nijibu upesi sana.

Nimeshatuma. Sasa natafuta kisu, maana chaja bado nzima.