Madumu Mia na Hamsini ya Ustadh Midhat

Mwaka ule mafuta ya ndege yalipoadimika, Kairo nzima ilikuwa inatazama juu. Ndege ikipita, watu waliacha kazi waishangae, na bei ya tiketi ilipanda kila Alhamisi bila kukosa. Wengi walilalamika. Midhat Zahran alinyoa ndevu, akavaa suti yake ya kijivu na kuanza kufikiri.

Midhat alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikwisha kuuza tiketi za bandia za Jedda, Milano na Kuala Lumpur, lakini yeye mwenyewe, maskini, hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Jambo hilo lilimuuma. Sasa aliona wazi kwamba mwaka mmoja mbele watakaoruka ni mawaziri na njiwa tu. Akaapa kuruka kabla mlango haujafungwa: Istanbul, kiti cha dirishani, mara moja tu.

Nafasi yake aliiona gazetini. Kiwanda kimoja nje ya mji kilikuwa kinanunua mafuta ya kukaangia yaliyokwisha tumika, kiyasafishe na kuyauzia mashirika ya ndege. Msimamizi wake, Bi Rawya, alimwambia kwa simu kwamba kwa madumu mia na hamsini angepata tiketi yake ya Istanbul, na hela ya chai juu yake. Midhat akauza friji, kitanda na saa ya marehemu baba yake, akanunua magunia matatu ya sukari, kilo hamsini kila moja. Siku hizo sukari nayo ilikuwa haipatikani kwa bei ya binadamu. Akaazima pikapu yenye turubai, akaingia mtaa wa Shubra, Kichochoro cha Wafua Masufuria.

Wanawake wa kichochoro kile hawashuki ngazi kwa ajili ya mchuuzi. Wanateremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, hela zinashuka, mkate unapanda. Midhat akaegesha mbele ya kibanda cha Ami Gaballah, mpiga pasi, akamwomba amwangalizie mzigo.

"Nitapata nini?" Ami Gaballah aliuliza bila kuinua pasi.

"Kiti cha ndege, daraja la kwanza, ami."

"Haya. Nenda."

Midhat akasimama katikati ya njia, akapaza sauti. "Kina mama! Visima vya mafuta vinakauka! Kesho ndege zitaruka kwa mafuta ya jikoni, na kiti atapewa aliyechangia! Leteni dumu moja la mafuta mliyokwisha tumia, mchukue kilo ya sukari papo hapo, na tiketi ya Umra yenye mhuri!"

Ghorofa ya tatu akatokeza Bi Inshirah, mjane mwenye miwani, kitunguu mkononi.

"Ustadh, mafuta yangu nimekaangia samaki. Ndege haitanuka?"

"Kidogo tu, Bi. Rubani atafungua dirisha."

"Na ya kuku je?"

"Ya kuku ni daraja la kwanza. Kuku ana mabawa."

"Mabawa anayo, lakini umemwona wapi akifika Makka?"

Kichochoro kikaangua kicheko. Midhat naye akacheka, maana alijua kuwa mtu anayecheka haiti polisi. Bi Inshirah akayatazama magunia ya sukari kwa muda. Kisha akamwinamia Bi Dawlat wa roshani ya mkabala, wakanong'onezana juu ya kichwa cha Midhat.

"Tumekubali," alisema. "Ila mimi nataka dirishani."

"Kumi na nne A, Bi. Naandika."

Dumu la kwanza likashuka, sukari na tiketi vikapanda. Midhat akalipeleka nyuma ya pikapu, akageuka, na hapo Bi Dawlat akaanza. Je, chakula kipo? Je, mtu akiogopa anarudishwa? Je, huko juu Kibla kiko upande gani? Midhat alijibu yote kwa ufasaha, shingo juu, mgongo kwa pikapu, na kabla hajamaliza akaitwa na roshani ya tatu, kisha ya nne.

Kufikia adhuhuri shingo ilikuwa imekakamaa. Tayari mara sita au saba alikuwa amepokea dumu lililozibwa kwa kitambaa cha kijani, akafurahi moyoni kuona majirani wanaopendana mpaka vitambaa. Alasiri magunia yakaisha, naye akajua bila kuhesabu kwamba madumu mia na hamsini yametimia. Ami Gaballah akafunga turubai kwa mikono yake mwenyewe, fundo juu ya fundo, akamtakia safari njema. Pikapu ilipanda daraja kwa wepesi wa ajabu. Midhat akaisifu injini.

Kiwandani, Bi Rawya akafungua fundo la mwisho. Chini ya turubai mlikuwa na madumu kumi na moja. La mbele lilizibwa kwa kitambaa cha kijani.

"Haya ndiyo mia na hamsini yako?"

"Mengine... yalikuwepo."

"Kwa haya utapata nauli ya basi, kaka. Tena si la mbali."

Midhat akarudi kichochoroni kwa hasira. "Wezi! Mmeniuzia madumu yale yale kumi na moja siku nzima! Gaballah, wewe ulikuwa unayarudisha kwenye vikapu nyuma yangu!"

"Uliniambia niuangalie mzigo," Ami Gaballah alisema, akiendelea kupiga pasi. "Nimeuangalia ukipanda."

Bi Inshirah akaegemea roshani. "Mwanangu, wewe umekulia hotelini? Mafuta ya hapa yanakaanga kuku Ijumaa, bilinganya Jumamosi, taamia, zile bajia za maharage, mpaka Jumatano, na tone likibaki tunapaka bawaba za mlango. Hayo kumi na moja tumekwangua nyumba thelathini. Mia na hamsini ulidhani yatatoka wapi?"

Midhat akapiga hesabu. Friji hana, kitanda hana, saa ya baba yake hana. Nusura alie, na safari hii haikuwa utapeli.

Kikapu kikashuka taratibu mpaka usawa wa kifua chake. Ndani yake mlikuwa na glasi ya chai, na chini ya glasi tiketi yenye mhuri wake mwenyewe. Kumi na nne A, dirishani.

"Nimekuachia kiti changu," alisema Bi Inshirah. "Mimi naogopa kupaa."

Juu ya kamba za nguo ikapita ndege, ikielekea kaskazini. Midhat akaitazama mpaka ikapotea. Kisha akanywa chai. Walikuwa wametia vijiko vitano vya sukari, bila ubahili wowote.