Damu ya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi
Homa. Koo linawaka. Vipele kifuani, tezi shingoni zimevimba. Wiki tatu tangu ile sherehe niliyotoka na mtu asiye mchumba wangu. Bila kinga! Nimejiambia ni uchovu wa kunyoa vichwa kutwa. Mchumba, fundi cherehani wa mlango wa pili, ameng'ang'ania cheti cha kipimo cha virusi vya Ukimwi kabla ya ndoa. Sawa. Atakipata.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza nesi mambo ya "rafiki yangu". Akasema dalili pekee hazitoshi, kipimo ndicho kinachosema. Rafiki apime sasa, na hata akikutwa hana, arudie miezi mitatu ikitimia, maana virusi huchelewa kuonekana. Angewahi ndani ya siku tatu angepewa dawa za kuzuia. Halafu akasema rafiki yangu ana vipele hadi shingoni. Nikafunga kola.
Miezi mitatu! Harusi ni mwezi ujao.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Binamu yangu, mpakua mizigo sokoni, hajawahi kuugua hata mafua. Atapima zahanati ya mbali kwa jina langu. Alisita. Nikamuuliza jibaba zima linaogopaje sindano. Akakubali.

Ijumaa, 7 Machi
Binamu karudi. Wamerudia kipimo kuhakikisha. Cheti kina jina langu na kinasema ana virusi. Mtu anayebeba magunia mawili kwa mpigo! Alikaa kwenye kiti cha kunyolea akalia, nami nikamfuta uso kwa taulo la wateja. Niliumia, kweli niliumia.

Jumatatu, 10 Machi
Binamu kamweleza mchumba wangu kila kitu. Msaliti! Mchumba kampeleka kupima upya kwa jina lake halisi, na dawa kaanza leo leo. Nesi kamhakikishia kwamba akizimeza bila kuruka atazeeka. Kisha wote wawili wakaniuliza: na wewe je?

Alhamisi, 13 Machi
Mchumba kasema gauni halikati mpaka nichomwe kidole nipimwe mbele yake. Binamu kanisihi nisichelewe, nisijiue bure. Siendi! Homa imeisha, vipele vimekauka. Mtu aliyepona apimwe nini? Kosa lilikuwa kumchagua binamu. Kesho nazungumza na shemeji, kaka yake mchumba, mwalimu wa michezo. Anakimbia kila alfajiri. Yule lazima awe mzima.