Mmemchukua Mjukuu Wangu Bila ya Kuposa

Al Khuwair, Maskat
Jumanne, mwezi wa Agosti, joto halisemeki

Kwa Kocha Mkuu wa timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani iliyomchukua Loay

Bwana Kocha,

Assalaam alaykum, na kama hiyo si salamu yako, basi hujambo. Mimi ni Hajar binti Jaifar, bibi yake Loay, yule kijana mrefu mwembamba mliyempa jezi nambari nne. Nimezaliwa Unguja, Maskat nimekuja mtu mzima, skuli sikuingia hata kwa kupita. Barua hii naisema mie na anaiandika Nabukalu, binti wa Kiganda anayefanya kazi hapa kwetu, mwenye mkono mzuri na ubishi mwingi. Kiingereza sina, na Kiarabu changu ni cha kugombea bei ya samaki, kwa hivyo utanisikia kwa Kiswahili. Atakayekusomea ni Loay mwenyewe. Muite ofisini kwako, mpe kiti. Loay, msomee yote, usiruke mahali. Ukiruka nitajua, na unanijua.

Nambari kazitaka Nabukalu. Anasema kule kwao malalamiko yasiyokuwa na nambari wakubwa huyatumia kufungia maandazi.

1. Hamkuja kuposa.

Kwetu mtu akimtaka mtoto wa watu hutuma washenga. Huja watu wazima wawili watatu, wamevaa, wananukia udi. Wanakaa, wanapewa halwa na kahawa, wanazungumza habari za mvua hata ikiwa haijanyesha miaka miwili, na mwisho kabisa ndiyo wanasema kilichowaleta. Nasi tunajibu kwamba tutafikiri, hata kama tulikwishakubali tangu walipokuwa wanavua viatu mlangoni.

Nyinyi mmefanya nini? Mmempigia mtoto simu. Hongera, tumekuchukua. Mmemchukua kwa nani? Mama yake, binti yangu Muhsina, yuko hai, anafanya kazi wizarani na ana simu mbili. Mimi niko hai. Mngefika, mngelala hoteli ya Bustan mkitaka makubwa, au hapa kwangu mkitaka kushiba. Hakuna aliyeulizwa.

Nilipomgombeza Loay akanambia, "Bibi, huku ndiyo desturi. Timu zinachagua, wewe unangoja." Nikamwambia hata mbuzi wa Idi huangaliwa mbele ya mwenyewe. Akanambia, "Kuangaliwa nimeangaliwa, Bibi. Wamenipima mpaka viganja." Viganja. Mtu wa kupiga mpira kwa mguu.

2. Mmemchagua siku ya tatu.

Loay alinieleza kabla. Siku tatu, duru saba, timu zote zinaita majina kwa zamu. Mimi nikafahamu kuwa hii ni shughuli, na shughuli hualikwa watu. Siku ya kwanza, tumemaliza sala ya alfajiri, sebule yangu ilikuwa na wanawake ishirini na wawili, vitumbua, mbaazi za nazi na chai ya maziwa. Yakaitwa majina thelathini na mawili. Akaitwa mtu mnene, akafuatia mnene kuliko yeye. Kila akiitwa mmoja, televisheni inawaonyesha mama yake analia na bibi yake kavaa kofia ya timu. Bibi wote wa Marekani nimewaona. Mimi nimekaa na ushungi wangu mpya, hakuna kamera.

Siku ya pili walikuja saba. Siku ya tatu kaja Bi Mazoon peke yake, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na huyo hakuletwa na mapenzi, kaja kuhakikisha. Akanambia, "Bi Hajar, labda jina lake gumu kulitamka." Nikamwambia, "Lako jepesi, na hakuna aliyeliita." Akanywa chai yangu yote ndiyo akaenda.

Mwanangu mmemwita duru ya saba, mtu wa mia mbili na arubaini na tatu, mie nimeshalala. Aliyekuwa macho ni Nabukalu. Anasema wakati huo televisheni ilikuwa kwenye tangazo la biskuti, na jina la Loay likapita chini kwa maandishi madogo kama habari ya msiba wa mtu wasiyemjua. Waliporudi, bwana mmoja mwenye tai akasema timu imepoteza nafasi kwa kuchukua mpigaji mpira. Bwana Kocha, kama ule mchezo ni wa mpira na mpigaji mpira ni hasara, niambie wale wanene mia mbili wamekuja kupiga nini.

3. Kazi mliyompa ni ya kufagia nyuma ya wengine.

Nimeutizama mchezo wenu, huo mpira wa miguu unaobebwa kwa mikono, kwenye kompyuta ya Muhsina, mechi mbili za kujaribiana kabla ya msimu. Nnavyoufahamu ni hivi. Mnapewa mpira mwende nao mbele, na nafasi mnazo nne. Ya kwanza mnaangukiana kama magunia ya mchele. Ya pili mnaangukiana tena, kwa sababu ya kwanza iliwafunza nini? Ya tatu mmoja anautupa mpira mpaka kwa watazamaji. Hapo ndiyo mnageuza shingo mnamtafuta Loay. Loay anakuja mbio, nguo safi, anaupiga mpira mbali kwa wale wapinzani wenu, kisha anarudi kukaa.

Yaani mmevuka bahari kumchukua mjukuu wangu ili awape maadui mpira.

Muhsina kanieleza kwa utaratibu, kwamba akiupeleka mbali, wapinzani wanaanzia mbali, na kwa hivyo anawaokoa. Nimefahamu. Sikukubali. Katika nyumba hii anayeitwa wali ukishaungua ni mimi, na mimi nakaa penye sinia, napewa nyama kwanza. Loay mmemuweka mwisho wa benchi karibu na ndoo ya maji. Katika mechi ya pili alipiga mpira ukakaa juu mpaka mtu akaweza kusema Bismillahi na kumeza tonge, ukashuka pale pembeni kabisa, hatua moja kutoka kwenye mstari. Nikakutizama wewe. Ulikuwa umempa kisogo, unamfokea mnene.

Na hapa nnalo swali ambalo hata Muhsina na shahada yake hakulijibu. Ikiwa kila mara mwisho wenu ni kumwita Loay, kwa nini msimwite mwanzo? Apige ile mara ya kwanza, mtu asivunjike, watu wawahi nyumbani.

4. Namna anavyopewa mpira.

Anayempa mpira huinama, kamuelekezea mwanangu makalio, halafu anaupitisha kati ya miguu yake. Nabukalu kaiweka kalamu chini hapa. Kasema, "Mama, neno hili siliandiki, mimi ni mtu wa kanisa." Nikamwambia, "Umeyaona mbele ya watu elfu sabini hukufumba macho, kwenye karatasi ndiyo yamekuwa dhambi?" Kaandika.

Bwana Kocha, mimi huyu mtoto nimemlea asimpokezee mtu hata chumvi kwa mkono wa kushoto. Sasa kila mechi anapokezwa kitu kutoka huko, mbele ya watu, na anakipokea kwa mikono miwili kwa adabu. Adabu ile ni yangu. Msiitumie vibaya.

5. Kupiga hamkumfundisha nyinyi.

Nimesikia kuwa mnaye mwalimu maalumu wa wapigaji, na kwamba Loay "ameiva mikononi mwake". Muulize huyo mwalimu kama anajua ndimu.

Mimi kila mwaka naanika ndimu uani, kwenye mkeka, mpaka zikauke ziwe nyeusi za kutia kwenye mchuzi. Mkeka wangu uko pembe ya ukuta, na ukuta ni wa Bi Mazoon. Loay akipiga mpira kutoka barazani, akiufikisha kwenye mkeka, kiatu changu kinamfuata. Akiupitisha ukutani, ulimi wa Bi Mazoon unamfuata, na huo unauma zaidi. Mahali pa kuangushia mpira palikuwa hatua moja na nusu, kati ya ndimu zangu na ukuta wake. Miaka kumi mtoto kauinua mpira juu, kautua pale pale. Huo ndio ufundi mnaosema mmempa. Umetokana na ndimu, kiatu na jirani mbaya.

6. Kwa hivyo.

Kwa hivyo nataka moja katika mawili.

Moja, njooni kuposa kama watu. Kisha muwatoe wanene wote, mchague mwakani wapigaji watupu, wote duru ya kwanza, na mbele yao Loay. Timu nyengine pia zifanye hivyo. Patakuwa na wapigaji huku na wapigaji kule, wanapelekeana mpira kwa heshima, na bibi zao wanatizama. Hakuna atakayeumia, na tutajua kwa nini mchezo mmeuita wa miguu.

Mbili, na hili ndilo langu hasa: mrejesheni.

Alikuja huko kusoma uhandisi wa mafuta, miaka minne. Shahada kaipata. Akasema nabaki kidogo, Bibi. Kidogo hicho kina mwaka wa pili sasa, na nyinyi mmemuongezea mkataba wa miaka minne myengine. Mimi nna sabini na tisa. Chumba chake nimekitia ufunguo, kwa sababu Muhsina anataka kuiweka humo ile mashine yake ya kukimbia bila ya kufika. Na Loay kaniahidi, mbele ya mama yake, kwamba siku yangu ikifika atalishika jeneza mbele, upande wa kulia. Nimepiga hesabu ya msimu wenu. Unaanza Septemba unafika Februari. Je, nisife mpaka Machi? Na nikifa Oktoba, mtampa ruhusa, au mtangoja kwanza mshindwe mara tatu?

Mvunjieni mkataba. Mpeni ndege, mpeni na viatu vyake, kwani mguu wake wa kulia ni mkubwa kuliko wa kushoto na huku hapati. Sitawadai radhi wala kitu. Nataka aingie kwa mlango huu, ainame kwa sababu ya kimo chake, aseme "Bibi, kuna chakula?"

Msalimie mkeo, wasalimie wanene wote kwa majina yao, na huyo anayeinama mwambie hana kosa, ni malezi. Muhsina anakusalimu ingawa hajui kama nimekuandikia. Nabukalu anakusalimu na anauliza kama kuna makanisa karibu na uwanja. Bi Mazoon hakusalimu.

Mimi niliyekukasirikia kwa heshima zote,

Hajar binti Jaifar
(kidole gumba changu, wino wa ofisini kwa Muhsina)

Tanbihi: Bahasha ilikwishabandikwa na Nabukalu kavaa viatu aende posta, simu ikalia. Loay. Kanambia mmemwacha. Mmemchukua mtu wa miaka thelathini na minane aliyetoka timu nyengine, na yeye mmemwambia asante, jezi iache pale. Kisha akasema, "Bibi, si ulitaka nirudi? Narudi Alkhamisi." Akacheka.

Kicheko kile mie nakijua. Alikicheka ana miaka tisa, alipoanguka kwenye ukuta wa Bi Mazoon akifuata mpira, mkono umevunjika, na yeye kauficha nyuma ya mgongo nisiuone.

Bwana Kocha, yote yaliyo juu yafute. Siku ya tatu ni siku nzuri kuliko zote. Duru ya saba ina baraka zake. Mpira apewe kutoka popote. Akae karibu na ndoo, atakuwa wa kwanza kunywa. Muwe mnamwita mkishashindwa mara tatu, na nitawaombea mshindwe sana. Chumba Muhsina akichukue akimbie humo mpaka achoke. Na jeneza, wa kulishika wapo, si lazima kila mtu awe mrefu.

Mngejua kuposa mngekuja nyinyi. Hamjui, basi nnakuja mimi. Anayetaka ndiye anayekwenda, na sasa anayetaka ni mie. Muhsina anasema sina viza na sina magoti. Halwa ninayo kilo tatu, na Nabukalu kakubali kunishika mkono. Tutakaa, tutakunywa kahawa, tutazungumza habari za mvua, kisha nitasema kilichonileta, na wewe utasema utafikiri.

Ila nitafutie mtu anayejua Kiswahili. Uliyekuwa naye umemfukuza.