Kirusi Chenye Jina Langu

Wenzangu, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto.

Mnajua mimi ndiye fundi wa kompyuta kwenye kituo cha afya hapa Singida Mjini. (Niko peke yangu, kwa hiyo ndimi mkuu wa kitengo.) Asubuhi nafika, benchi la wajawazito limejaa, na kompyuta kuu yenye mafaili ya wagonjwa imekuwa nzito. Kufungua faili moja, dakika tano!

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Tatizo nini?" akauliza Sista Magdalena, muuguzi wetu anayekaribia kustaafu.

"Kuna mtu anaangalia video kwa mtandao wa ofisi," nikajibu, kwa sauti ya kusikika na wote.

Nikapita chumba kwa chumba. Mfamasia nikamzimia muziki. Maabara nikachomoa waya. Karani wa mapokezi nikamnyang'anya simu kabisa! (Alikuwa anaongea na mama yake aliyeko kijijini Sepuka.) Wapi! Feni ya kompyuta inalia kama mashine ya kusaga.

Mganga mfawidhi akaja. "Daktari, tumeingiliwa na kirusi," nikamwambia. "Kinakula prosesa yote, ubongo wa kompyuta." Nikafungua orodha ya programu zinazoendelea, nikageuza skrini wote waone.

Sista akavaa miwani, akasoma taratibu: "Ya kwanza... asilimia tisini na nane... imewashwa Ijumaa... na Elibariki." Akanigeukia. "Elibariki si wewe?"

Ni mimi! Ijumaa niliwasha programu ya kunasa data zinazopita kwenye mtandao, nijue kwa nini printa ya maabara inakatika. Sikuiwekea kichujio cha kuchagua data za printa tu. Sikuizima. Nikaenda zangu nyumbani, yenyewe ikanasa kila kitu mpaka leo.

Nikaizima. Feni ikanyamaza.

"Kumbe kirusi kimevaa shati la bluu," akasema mama mmoja. Benchi zima likaangua kicheko.

Sista hakucheka. Muda wote nilipokuwa natafuta mchawi, yeye alikuwa anaandikisha akina mama kwenye daftari, kwa mkono. Mmoja alimkuta presha iko juu sana, akamkimbiza wodini. Yuko salama, na mtoto tumboni anacheza.

"Asante, Sista," nikamwambia.

"Nenda karudishe simu ya watu," akasema, akanigonga begani.

Nimeomba radhi mlango kwa mlango. Sista, Mungu akuweke. Nyinyi msicheke sana: kesho saa tatu nawafundisha wafanyakazi wote matumizi bora ya mtandao.