Mrudishieni Mama Honi Ukali Wake

Kwa Meneja,
Karakana ya Vifaa vya Umeme.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUFOKEWA KAMA ZAMANI

Kwa unyenyekevu mkubwa nautangazia uongozi wako kwamba leo friji langu limetimiza siku kumi na tisa bila ubaridi. Sherehe haikuwepo. Maziwa yameganda yenyewe, na mama mkwe wangu ameanza kuhifadhi humo viatu vyake.

Hata hivyo sikuandikii kwa sababu ya friji. Nakuandikia kuhusu sauti. Mama wa mapokezi wenu, tunayemwita Mama Honi, alipelekwa semina ya sauti ya kikazi baada ya mtu asiyejitaja jina kumshtaki kwa barua. Amerudi si yeye. Tena nasikia mwisho wa mwezi mtampima, na likimponyoka neno moja kali, kazi hana. Kabla hamjafika huko, pokea malalamiko yangu:

1. Zamani nikipiga simu kuhusu pasi au feni, Mama Honi alipokea hivi: "Sema!" Ukishasema, anakujibu: "Fundi hayupo, usinisumbue, njoo Alhamisi." Simu imekatwa. Sekunde sita, na kila mtu ameshajua lake. Na kweli Alhamisi fundi alikuwepo.

2. Sasa ananiambia: "Mpendwa mteja, asante kwa kutuchagua. Changamoto yako imepokelewa na inafanyiwa kazi katika ngazi husika." Ndugu Meneja, friji langu halina changamoto. Ni bovu. Nimeuliza mara nne hiyo ngazi husika ni nani, na mara zote nne nimeambiwa swali langu ni zuri sana.

3. Juzi mikono yangu ilikuwa na kazi, nikaiweka simu kwenye spika. Mke wangu akasikia sauti laini kama losheni. "Mpendwa? Na anakushukuru kwa kumchagua! Ulimchagua lini, baba watoto?" Nikamwambia ni karakana. Akaniuliza karakana gani inaongea hivyo. Jioni ileile mama yake alihamia kwetu na begi lake, na tangu hapo analinda simu yangu. Ndiye huyo mwenye viatu nilivyovitaja.

4. Ugonjwa wenyewe unaambukiza. Mimi ni fundi saa. Jana mteja aliniletea saa iliyosimama, na kabla sijajizuia nikamwambia: "Mpendwa mteja, muda wako tunauthamini." Alinitazama, akaitazama saa yake, akaichukua akaenda kwa jirani.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, bila haraka, ila leo:

(a) Mama Honi arudishiwe ukali wake wote kwa maandishi yenye mhuri.

(b) Iandaliwe semina nyingine, mwalimu awe yeye. Wewe Ndugu Meneja ukae kiti cha mbele, akufundishe kutamka neno "hapana" mpaka ulimi uzoee. Ukifuzu, somo hilo tuwape na madaktari, wenye nyumba, na wote wanaosema "tutakurejea".

(c) Yule mwoga aliyeandika barua bila jina asakwe. Akipatikana, apigiwe simu na Mama Honi kwa sauti ya zamani, na asiruhusiwe kukata hadi mama wa watu achoke mwenyewe.

Nisalimie mafundi, mlinzi wa getini, na hiyo ngazi husika mkiwahi kukutana. Mke wangu hasalimii mtu.

Ni mimi, mteja wako mpendwa kuliko nilivyoomba,

Fundi Saa, kibanda cha bluu.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaibandika bahasha, nimelazimika kuifungua. Ile barua isiyo na jina niliiandika mimi. Siku friji lilipokufa nilimpigia Mama Honi, naye kabla sijamaliza hata salamu akaniuliza: "We baba, umechomeka?" Mimi! Fundi wa miaka ishirini na sita, naulizwa kama nimechomeka! Niliandika kurasa tatu kwa hasira, sikwenda hata kuangalia. Sasa hivi mama mkwe amelisogeza friji akitafuta kiatu chake kimoja. Plagi iko sakafuni.