Springi Laini na Mafuta ya Nazi

Jumanne, 4 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu, hata padri: ninafumba macho kila ninapofyatua bastola. Nalenga vizuri, napumua vizuri, kisha giza. Nikifumbua, wenzangu wanahesabu matundu kwenye shabaha yangu, nami nashangaa pamoja nao.

Kosa si langu. Ni la springi. Nimesoma yote maktaba ya shule. Bastola ya Baba ina springi ngumu ya kiwandani, ile inayolisukuma bamba la juu lirudi mbele baada ya kila risasi. Linarudi kwa kishindo, nami nashtuka. Mabingwa wa Marekani bara huweka springi laini. Yangu imefika leo posta, hapa Guam, katika bahasha ndogo kuliko kadi ya Krismasi. Nimeiinua juani. Waya mwembamba tu, nao unaweza kunifikisha Saipan!

Maana nafasi ya vijana kwenda mashindano ya kulenga shabaha kisiwani Saipan ni moja, na itaamuliwa Jumapili. Binamu yangu Vidal anaitaka pia. Alikuwa palepale posta, ananichungulia begani. Akauliza nimenunua nini. Nikasema kalamu.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Kwaresima imeanza. Baba akauliza mwaka huu nitaacha nini. Nikasema soda.

Kusafisha bastola ni kazi yangu: mezani, Baba akiwa mbele yangu, baada ya yeye mwenyewe kuhakikisha haina risasi. Leo alizama kwenye gazeti. Nikabadilisha springi. Nilifanya upesi kama mwizi wa sadaka. Ile ya zamani nikaificha kwenye kopo la vifungo.

Tatizo: mafuta ya bastola yameisha. Suluhisho: mafuta ya nazi ya Bibi, yale ya nywele. Bamba likateleza kama samaki.

Baba akauliza mbona nyumba inanukia keki. Nikasema labda ni jirani.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi. Risasi ya kwanza, giza kama kawaida. Ya pili, nusu giza. Ya tatu nikaona.

Sijui niandikeje. Bamba lilirudi nyuma taratibu, ganda la shaba la risasi likaruka na kuzunguka kwenye jua, na ncha ya kulengea ikainuka kidogo, kisha ikatua palepale ilipokuwa, kama ndege anayerudi tawini kwake. Yote hayo yamo ndani ya mlio mmoja! Miaka miwili nimekuwa nikiyafumbia macho. Nilitaka kulia.

Mara mbili bamba halikufika mwisho. Nikalisukuma kwa kiganja, likaingia. Kitu kidogo. Baba hakuona. Vidal aliona. Akasema, "Mtoto wa vitabu, bastola imekukosea nini mpaka unaizaba vibao?" Jibu zuri sana lilinijia baadaye, nikiwa naoga.

Jumapili, 9 Machi

Siku kubwa. Tulipofika uwanjani nikawasalimu wazee kama inavyopasa, nikiinama na kunusa mkono wa kila mmoja. Wa mwisho alikuwa Shangazi Engracia, dada yake Baba, ambaye ndiye mwamuzi. Mkono wake hunukia baruti na sabuni. Nilipouachia, hakuniachia. Akainua vidole vyangu mpaka puani kwake.

"Kika, mwanangu, umekaanga nini asubuhi yote hii?"

Nikasema sijakaanga kitu.

"Basi lete hiyo bastola."

Akaikagua, tupu. Akamwonyesha Baba, tupu. Mbele ya tuta la kuzuia risasi akaielekeza bastola juu, akabana kifyatulio bila kukiachia, akavuta bamba nyuma na kuliacha lirudi polepole. Likapanda. Likapanda. Likasimama kabla ya mwisho. Pakabaki ufa wa kupitisha ukucha.

Akasema bamba ndilo mlango wa risasi, nao haujafungwa. Akasema risasi ikilipuka mlango ukiwa hivyo, ganda linaweza kupasuka na moto ukarudi kwa aliyeishika. Nayo nazi imechanganyika na masizi, imekuwa uji. Baba alinitazama uso, kama anayehesabu kama vyote vipo. Nikakumbuka kile kiganja changu cha jana.

Kisha Shangazi akatoa bastola yake, akafanya vilevile. Bamba likapanda lenyewe, pole, bila haraka, mpaka mwisho kabisa. Tak. Nikamwomba arudie. Akarudia. Sijawahi kuona kitu kinachojua kazi yake namna ile.

Akazipima za vijana wote. Ya Vidal ikasimama kwenye ufa uleule! Kumbe alisoma jina la duka kwenye bahasha yangu, akaagiza yake kwa ndege. Akaninong'oneza, "Kalamu zako mbaya."

Wote wawili nje. Springi zetu za zamani ziko nyumbani. Nafasi ya Saipan akapewa Tomasa, ambaye bastola yake iko kama ilivyotoka kiwandani, na ambaye sijawahi kumsikia akiongea. Alisema, "Ahsanteni." Sauti nzuri.

Wakati wa kula wali mwekundu, Shangazi akaketi karibu nami. Akasema springi ya kiwandani haikuwa na neno. "Ni macho yako, binti. Nayaona tangu mwaka jana. Nilikuwa nakungoja useme." Akataka niape: Kwaresima hii niache springi, soda ninywe. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudisha springi ya zamani mbele ya Baba. Nikaipima kama Shangazi. Bamba likapanda mpaka mwisho. Nikarudia mpaka Baba akaniambia inatosha.

Shuleni nikaenda maktaba na kufikiri kwa makini. Ikiwa springi dhaifu haifungi mlango, basi yenye nguvu kuliko zote itaufunga kuliko zote. Ni mantiki tu. Chini ya ukurasa wa duka palikuwa na onyo refu, lakini kengele ilikuwa karibu kulia. Macho nitayashughulikia baadaye.

Vidal akaja, akaketi, akasoma begani kwangu. Akauliza mzigo wa meli kutoka Marekani bara hufika Guam lini. Nikamwambia baada ya Pasaka. Tukatazamana.

Niliagiza mbili, yangu na yake. Kisha nikaenda kununua soda.