Nukta Tatu kwenye Shavu la Mjukuu

Jumatatu, 9 Juni

Nimekosa. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Nyumba nzima ina furaha, na hiyo furaha nimeichakachua mimi.

Jana binti yetu alituonyesha mjukuu. Ana siku nane tangu azaliwe, huko mbali walikohamia na mumewe. Tulimwona kwenye ile skrini kubwa ya kompyuta iliyoko sebuleni. Mimi, mke wangu, na mama mkwe aliyekuja na miwani ya kusomea na ya kuonea mbali, asije akakosa kitu. Mtoto kalala. Mzuri! Namshukuru Mungu, pua hakuchukua yangu.

Mama mkwe akasogea mpaka akakaribia kugusa kioo. Akapiga ukelele. Baka! Baka jekundu, shavu la kushoto! Palepale alipokuwa nalo marehemu baba mkwe! (Ni dogo, lakini siwezi kuandika kibaka, huyo ni mtu mwingine kabisa.) Akalia. Mke wangu akalia. Binti huko aliko akauliza mnalia nini, hakujibiwa, akalia naye.

Mimi sikulia. Lile baka nalijua. Ni nukta tatu za skrini zilizokwama kwenye rangi nyekundu, na haziondoki uweke picha gani. Ziko hapo tangu tununue. Zimeshakaa kwenye shavu la msoma habari, kwenye goti la golikipa, kwenye ratiba za shule za mke wangu. Jana zikamwangukia mjukuu, naye kwa kuwa kalala hakusogea.

Nilifungua mdomo niseme. Kweli nilifungua. Mama mkwe akanigeukia, akanishika mkono, akaniambia, "Asante, mwanangu."

Mwanangu! Miaka ishirini na sita mimi kwake ni "huyu". Huyu kaja? Huyu keshakula? Mwambieni huyu apunguze redio. Jana, mwanangu.

Nikafunga mdomo.

Ameondoka akisema atawapigia ndugu wote. Jumapili anarudi kuliangalia baka kwa nafasi.

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Mke wangu ni mwalimu, kila kitu lazima akisahihishe. Leo alikuwa anaandaa mtihani, akaona wekundu juu ya swali la nne, akadhani keshalipitia. Hajalipitia. Swali limekwenda kuchapwa likiuliza mto ni nini badala ya moto ni nini. Mwalimu mkuu amemwita.

Karudi anafoka. Akasema nukta zile zimemchosha, skrini bado ina waranti? Nikasema nadhani imeisha. Akafungua droo, akatoa kadi kwa mkono mmoja, hata hakutafuta. Mimi ndiye karani wa masjala, kazi yangu kutunza mafaili, lakini nyumbani karatasi zote anazijua yeye. Waranti inaisha Jumamosi. Kesho peleka, baba watoto, na usinipe hadithi.

Hajashtuka kwamba nukta zake na baka la mjukuu ni kitu kimoja. Nimeshukuru kimoyomoyo.

Mpango: naenda dukani, nakataliwa, narudi. Nani atanilaumu?

Jumatano, 11 Juni

Nimekataliwa! Asante Mungu!

Fundi ni mama mmoja mpole, kalamu sikioni. Nilijieleza vibaya kwa makusudi. Nikasema ni nukta ndogo tu, hazinisumbui, ukizizoea hata zinapendeza. Akaniangalia. Akasema kampuni inabadilisha skrini zikifika nukta tano, zangu ni tatu, pole sana baba. Nilimshukuru mpaka akanivutia kiti, akaniuliza kama najisikia vizuri.

Nilirudi napiga mluzi. Mlangoni nikavaa sura ya msiba. Nikamwambia mke wangu nimebembeleza sana, wapi, roho zao ngumu.

Akageuza kadi. Akasoma nyuma, kule kwenye maandishi ya sisimizi ambako mtu mwenye akili zake hafiki. Nukta tano popote, AU TATU ZILIZOSHIKANA.

Zangu zimeshikana kama mafiga.

Ameniagiza nirudi Ijumaa. Nikirudi na skrini ileile atakwenda yeye mwenyewe. Ninavyomjua, akienda yeye wataongeza na kiti cha ofisi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimewaza kazini kutwa. Zikiwa tatu zilizoshikana, wanabadilisha. Zikiwa mbili, hawabadilishi. Kumbe natakiwa niue moja tu! Baka lenyewe litapungua kidogo, litabaki la heshima.

Tatizo, anayejua mambo haya ofisini ni Bwana Najua. Tunamwita hivyo kwa sababu hujibu "najua" kabla hujamaliza kuuliza. Ndiye aliyepata meza ya dirishani niliyoingojea miaka saba. Nilimeza mate, nikamwuliza. Akasema anajua. Funga kidole kwa kitambaa laini, bonyeza polepole, zungusha, nukta nyingine huamka. Halafu akaongeza, mbele ya watu, kwamba nisijaribu mimi, mtu anayekwamisha hata mashine ya kubania karatasi. Masjala nzima ikacheka. Aliyecheka zaidi ni mzee wa usafi, na hata alikuwa hajasikia.

Nikaomba ruhusa, nikawahi nyumbani kabla mke wangu hajatoka shule. Nikachukua fulana yangu. Nikabonyeza polepole dakika kumi. Kimya. Nikamkumbuka Najua na meza yake. Nikabonyeza kwa hasira.

Tik.

Nukta sita. Nikazungusha ili kuzirudisha. Saba. Zimeshuka mstari mmoja hadi chini. Mjukuu wangu angekuwepo pale leo angekuwa na ndevu.

Mke wangu alipoingia akaziona mara moja. Akasema unaona sasa, imezidi kuharibika yenyewe. Yenyewe! Nikasema ndiyo, mke wangu, yenyewe. Akanipa pole, akaniletea chai. Nimeinywa chai ile kama mwizi.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimetubu. Sitaki kujisifu, toba yenyewe ilikuwa na hesabu ndani yake.

Nilimwambia fundi ukweli wote wa fulana. Mama, nimeibonyeza mwenyewe, kwa kidole changu, kwa hasira, nimeharibu mali ya kampuni, sistahili. Kwa sababu nyuma ya kadi imeandikwa pia kwamba ukiharibu mwenyewe waranti inafutwa. Nilitubu nikitumaini kufutwa.

Fundi akaweka kalamu mezani. Akasema kosa ni lake. Juzi alisahau kifungu cha nukta zilizoshikana, alikuwa anatafuta namba yangu aniombe radhi. Zile tatu zilitosha siku ileile, na amekwishaandika ombi kwa hizo. Halafu akasema, na machozi yanamlengalenga, kwamba miaka kumi na moja yuko kaunta ile na hajawahi kuona mteja anakuja kusema kosa lake mwenyewe. Wenzake wakaja kunitazama. Mmoja alinipa mkono.

Skrini kama yangu hawana tena. Wamenipa kubwa zaidi. Mpya! Safi kama sahani ya wageni. Nimeitafuta nukta moja, hata moja tu ya ukarimu, hakuna.

Mke wangu amenikumbatia mlangoni. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Nina skrini nzuri, mke mwenye furaha na jina zuri dukani. Nimepatikana.

Jumapili, 15 Juni

Niandike haraka kabla aibu haijapoa.

Asubuhi, mke wangu akiwa jikoni, nilichukua rangi yake ya mdomo na kijiti cha meno. Nikaweka baka kwenye kioo, kushoto, kwa kukisia. Dogo, la kiungwana. Nikarudi nyuma, nikalitazama. Kazi nzuri, bora hata kuliko lile la kampuni.

Mama mkwe akaja, kavaa nguo ya kutokea. Kabla ya kukaa aliniambia, hujambo mwanangu. Nikaona hata nikienda jela nitakwenda nikicheka.

Picha ikafunguka. Mtoto yuko macho! Anageuka! Baka likakaa sikioni. Likahamia puani. Mume wa binti akainama kutusalimia, likamkaa kwenye jino. Nikamwambia binti amshike mtoto hivyohivyo, asimtikise, amsogeze kidogo kulia, hapana, kulia kwangu. Mama mkwe akauliza kwani mtoto ni trei ya mayai? Hatimaye akatulia, na baka likatua shavuni. Palepale. Nikashusha pumzi.

Mama mkwe akanyoosha mkono amguse shavu.

Nikasema mama usiguse, ina umeme. Keshagusa. Alimpapasa mtoto taratibu, kama yuko naye. Alipoinua kidole, mtoto hana baka. Kidole kinalo.

Akakiangalia. Akakinusa. Akamwonyesha mke wangu, na mke wangu rangi yake anaijua. Wote wawili wakanigeukia. Na binti yetu, huko huko mbali, hajaona kidole wala kijiti, akauliza, "Baba, umefanya nini?"

Nikasimama. Nikasema yote. Nukta, waranti, fulana, toba ya dukani, rangi ya mdomo. Mke wangu alikaa. Mama mkwe akaniuliza, kwa hiyo Jumapili ile nalia hapa, wewe unajua? Nikasema ndiyo, mama. Akauliza mbona hukuniambia. Nikaona nimeshamaliza uongo wote niliokuwa nao, nikamwambia kweli. Kwa sababu uliniita mwanangu. Miaka ishirini na sita, mama, mimi ni huyu.

Mtoto akapiga chafya, hakuna aliyemwambia kitu.

Mama mkwe akavua miwani. Akasema marehemu hakuwa baka tu. Mtoto ana paji la uso la babu yake, limejaa skrini nzima, mwenye macho analiona bila kupakwa rangi. Halafu akaanza kuvutavuta ncha ya mtandio. Akasema, na yeye ana la kwake. Siku nilipoletwa kutambulishwa, jina langu hakulisikia. Siku ya harusi muziki ulikuwa mkubwa. Baadaye akaona aibu kuuliza, mama mzima atauliza vipi jina la mkwewe? Akangoja alisikie kwa wengine. Mke wangu ananiita baba watoto, mashemeji wananiita shemeji, watoto wananiita baba. Mwaka ukapita. Ishirini na sita ikapita. Kwa hiyo, huyu.

Akaniuliza, kwa heshima zote, kwani naitwa nani.

Nikamwambia. Akalirudia mara mbili. Akasema ni jina zuri, lakini mwanangu limeshamkaa mdomoni, hawezi kuanza kazi upya na umri huu. Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Binti akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, mama mkwe alicheka akiniangalia mimi, wala si kwa sababu nimejikwaa.

Rangi ya mdomo natakiwa kununua nyingine. Nitanunua mbili.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamka mwepesi. Nimeshukuru kwa kila mmoja, kwa mke anayesoma nyuma ya kadi, kwa fundi, kwa mjukuu, kwa mama mkwe na masikio yake. Hata kwa Bwana Najua, kidogo. Nimeapa mbele ya kioo cha bafuni kwamba mimi na uongo basi. Ukweli umenipa mama. Uongo ulinipa ndevu za mjukuu.

Saa nne mama mkwe akapiga simu. Jana pale mwishoni, anasema, mtoto alitabasamu akamkazia macho yeye. Dakika nne nzima, hakupepesa. Usiku mzima anaifikiria. Anataka kujua, na nimwambie kweli maana sasa hatufichani, je mtoto alikuwa anamtazama yeye, au na hiyo nayo ni mambo ya kompyuta?

Ilikuwa mtandao. Picha iliganda. Binti alishaondoka na mtoto kumbadilisha nepi, sisi huku tunatabasamiana na kioo.

Nikavuta pumzi. Nikakumbuka kiapo. Nikasikia anavyongoja, pumzi zake kwenye simu.

Nikasema, "Kweli kabisa, mama. Alikuwa anakutazama wewe tu."

Akasema Jumapili atakuja mapema, akae mbele, amtazame tena vilevile.

Nina siku sita za kujifunza namna ya kugandisha picha. Lazima mtoto acheke kwanza. Hilo namwachia Mungu. Kugandisha nitagandisha mwenyewe.